Kesi Imelala Kituoni: Jinsi ya Kufuatilia Ukatili Dhidi ya Mwanamke Nairobi

Kesi nyingi za wanawake waliobakwa, kupigwa au kuuawa jijini Nairobi hazifi kwa kukosa mshukiwa. Mara nyingi ploti nzima inamjua kwa jina. Zinafia njiani kati ya ofisi moja na nyingine: hospitali inangoja polisi waje kuchukua sampuli, polisi wanangoja daktari ajaze P3 (fomu ya polisi ya majeraha), mpelelezi anangoja maabara, kiongozi wa mashtaka anangoja faili, na familia inangoja simu. Kila mmoja anaamini zamu ni ya mwenzake.

Kwa hiyo ukiulizwa nani anapaswa kuingilia kati, usijibu "serikali" ukaishia hapo. Kila ofisi ina wajibu wake mmoja au miwili iliyopewa na sheria, na wajibu huo hudaiwa kwa maandishi yenye tarehe. Mwongozo huu ni wa ndugu, rafiki au jirani atakayekubali kuwa mdai.

Kabla ya yote: mtu mmoja, daftari moja

Familia ikae ichague mfuatiliaji mmoja. Wakienda watu watano kwa siku tofauti, mpelelezi atawapa majibu matano na hakuna atakayejua lipi ni la kweli. Asiwe mwathiriwa mwenyewe kama inawezekana. Yeye ana kazi ya kupona. Awe mtu anayeweza kukosa kibarua siku moja kwa wiki, na asiyeogopa kuketi benchi la kituo saa tatu nzima.

Nunua daftari la kurasa 96. Chora safu tatu: tarehe na saa, umeongea na nani (jina, cheo, nambari yake ya huduma, simu), amesema nini au amepokea nini. Kila karatasi utakayopewa ipige picha siku hiyo hiyo na kuituma kwa mtu wa pili, kisha utoe nakala tatu. Nakala moja isikae nyumba anayoishi mwathiriwa, hasa kama aliyemuumiza ana ufunguo wa mlango.

Wakati kelele bado zinasikika

Nyumba za Nairobi zinatenganishwa na ukuta wa mawe nusu futi, au mabati tu. Majirani husikia. Wengi hunyamaza kwa kuwa "ni mambo ya mtu na mkewe", na wengine kwa kuwa hawajui wafanye nini bila kugeuziwa panga.

Usiingie peke yako. Kusanya watu watatu au wanne, akiwemo mwangalizi wa ploti, mbishe hodi mkiwa na shida ya kawaida kabisa: maji yamefungwa, tokeni za stima zimeisha, mtoto anahitaji dawa. Lengo ni kulikatiza pigo tu. Nani mwenye makosa, hilo si la kuamuliwa mlangoni. Wakati huo mwingine apige 999 au 112, kisha 1195, laini ya bure ya masuala ya ukatili wa kijinsia inayofanya kazi saa 24. Kama kuna mtoto anayeumizwa, 116. Taja mtaa, jina la ploti, rangi ya geti na alama ya karibu. "Huku Pipeline karibu na stage" haimfikishi mtu popote.

Andika saa uliyosikia kelele na maneno uliyoyasikia, kama yalivyotamkwa. Miezi minane baadaye hakimu atakuuliza, na kumbukumbu ya kichwa itakuwa imechanganya Jumamosi na Jumapili. Na usimwambie mshambuliaji ni nani aliyepiga simu, hata akisha kutulia na kuomba msamaha.

Saa 72 za kwanza

Kama amebakwa au anavuja damu, hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye. Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa tiba ya dharura, kwa hiyo muuguzi anayesema "leta OB kwanza", yaani nambari ya kitabu cha matukio cha polisi, amekosea. Mwambie hivyo kwa upole, kisha uombe kuonana na msimamizi wa zamu. Hospitali ya Kenyatta, Mama Lucy Kibaki na Mbagathi huwapokea waathiriwa wa ubakaji, na Nairobi Women's imekuwa na kituo chake cha kuwahudumia tangu 2001.

Saa zinahesabiwa hivi. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, PEP, zianze ndani ya saa 72, na zikianza saa ya pili ni bora kuliko saa ya sabini. Humezwa siku 28 mfululizo. Hapa ndipo watu hukosea: kichefuchefu huja siku ya tatu au ya nne na mtu anaacha. Ameze baada ya chakula, na akizidiwa arudi abadilishiwe, asiache. Vidonge vya kuzuia mimba ya dharura hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini aina ya B na dawa za magonjwa ya zinaa. Visipotajwa na daktari, vitajwe na mfuatiliaji.

Akiwa njiani kwenda hospitali, asioge, asijisafishe, asibadilishe nguo kama anaweza kuvumilia. Akibanwa na haja ndogo, karatasi aliyojipangusia isitupwe. Kama amekwisha kuoga, aende vilevile; bado kuna majeraha ya kuonekana na dawa za kutolewa. Hata baada ya wiki mbili aende.

Nguo huwekwa kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kila nguo na bahasha yake. Chupi isichanganywe na rinda. Zikiwa mbichi zianikwe kivulini juu ya karatasi safi hadi zikauke, kisha zifungwe, na anayefunga atie sahihi juu ya mkunjo. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu. Unyevu huleta ukungu na bakteria, na hao ndio wanaokula chembechembe za DNA. Ushahidi mwingi mzuri umeozea ndani ya karatasi za nailoni na mifuko ya unga, kwa nia njema kabisa.

Daktari, afisa wa kliniki au muuguzi atajaza fomu ya PRC (Post Rape Care), ambayo ni ya ubakaji peke yake. Ina nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mwathiriwa, moja hubaki hospitali. Usitoke bila nakala ya mwathiriwa. Soma sehemu ya majeraha kabla ya kuondoka. Kama alikabwa koo na haikuandikwa, iandikwe.

Neno kidogo kuhusu kukabwa koo, maana hupuuzwa sana. Mara nyingi hakuachi alama nje. Dalili ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoti vyekundu machoni, kujikojolea wakati wa tukio, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache. Hatari ya uvimbe au mshipa wa shingo kuumia hubaki siku kadhaa, kwa hiyo asilale peke yake usiku huo. Na mwanamume aliyewahi kumkaba mwenzake shingo ni wa kuogopwa kuliko aliyempiga kofi. Familia inapojadili "arudi au asirudi", hilo litangulie mezani.

Majeraha yapigwe picha mara mbili: siku ya tukio, halafu baada ya siku moja au mbili wakati michubuko imepanda rangi. Kila jeraha picha tatu: mwili mzima na uso ukionekana, sehemu ya mwili, kisha karibu kabisa na rula au sarafu ya shilingi kumi kando yake.

Kituoni

Unaweza kuripoti kituo chochote. Wao ndio watakaohamisha taarifa kwenda kituo chenye eneo. Uliza dawati la jinsia, na uombe afisa wa kike kama mwathiriwa anataka. Dawati likiwa limefungwa, ripoti kaunta ya kawaida. Usirudishwe kesho.

Usiondoke bila nambari ya OB iliyo kamili. Huandikwa kama 41/12/8/2025: ingizo la 41, tarehe 12, mwezi wa 8, mwaka 2025. Pamoja nayo andika saa na jina la kituo. Ukipewa "41" pekee kwenye kipande cha karatasi, wiki ijayo hakuna atakayeipata. Kisha uliza ingizo linasemaje. "Ugomvi wa nyumbani" na "shambulio la kusababisha madhara" ni mambo mawili tofauti: la kwanza halifungui faili.

Taarifa ikiandikishwa, isomwe yote kabla ya kutiwa sahihi, kila ukurasa. Kosa likatwe mstari na sahihi ndogo iwekwe kando. Kama mwathiriwa anaongea Kikamba au Kisomali kuliko Kiswahili, aombe mkalimani. Taarifa iliyotafsiriwa kubahatisha ndiyo wakili wa mshtakiwa huifurahia siku ya mahojiano. Asitie sahihi karatasi tupu kwa ahadi kwamba "nitajaza baadaye, dada, usijali".

Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo. Polisi hujaza sehemu ya kwanza, daktari au afisa wa kliniki zinazofuata. Sehemu inayobeba kesi ni pale daktari anapopima kiwango cha madhara: madhara ya kawaida, ulemavu au madhara makubwa. Kiwango hicho ndicho huamua shtaka. Kusababisha madhara ya kawaida, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, hakizidi kifungo cha miaka 5. Madhara makubwa, kifungu cha 234, yanaweza kufika maisha. P3 ikijazwa harakaharaka kabla ya picha ya eksirei kurudi, mfupa uliovunjika unaandikwa kuwa ni uvimbe. Peleka P3 pamoja na kumbukumbu zote za matibabu, na subiri eksirei.

Ushahidi unaoyeyuka

Mpelelezi mmoja Nairobi hubeba faili nyingi kwa wakati mmoja. Vitu vinavyofutika haraka vitafutwe na mfuatiliaji, lakini vichukuliwe na polisi. Ukivibeba mwenyewe, mahakamani utaulizwa kama hukuvichezea.

Kamera za usalama ndizo za kwanza. Rekodi za mitambo ya bei nafuu hujifuta zenyewe, nyingine baada ya wiki moja tu, kwa sababu diski imejaa na inaandika juu ya zamani. Siku ya kwanza andikia mwenye jengo barua fupi kumtaka asifute rekodi za tarehe na saa fulani hadi polisi waje, na umpe mpelelezi nakala. Angalia pia kamera za duka la mkabala, kituo cha mafuta na M-Pesa ya kona. Mara nyingi hizo ndizo zilizoelekea barabarani.

Halafu kitabu cha wageni getini. Piga picha ya ukurasa wenyewe, ule wa kabla na ule wa baada, ili baadaye ukurasa ukichanika ijulikane ulikuwapo. Kwenye vyumba vya kukodi kwa siku, mwenye chumba ana nambari ya simu iliyolipia, na aghalabu nakala ya kitambulisho. Mauaji ya South B na Roysambu ya Januari 2024, yaliyowatoa maelfu barabarani tarehe 27 mwezi huo, yote mawili yalitokea vyumba vya aina hiyo.

Simu ya mwathiriwa isifutwe chochote, hata matusi. Picha ya skrini ni kumbukumbu nzuri ila ujumbe wenyewe, ndani ya simu yenyewe, ni bora zaidi. Ukichapisha, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti: aliyechapisha aeleze alitumia kifaa gani, lini na vipi, atie sahihi. Kesi kadhaa zimepoteza jumbe za vitisho kwa kukosa karatasi hiyo moja tu. Rekodi za simu za mshukiwa na mahali alipokuwa hupatikana kwa amri ya mahakama ambayo mpelelezi huiomba. Kazi yako ni kumuuliza ameiomba tarehe ngapi.

Mwisho ni safari ya sampuli. Hospitali ikishachukua sampuli, polisi ndio wanaozipeleka kwa Mkemia wa Serikali au maabara ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai) iliyo Barabara ya Kiambu. Kila anayepokea hutia sahihi. Pengo la siku tatu lisilo na sahihi linatosha kumpa wakili mlango wa kutokea. Wiki ya pili baada ya tukio, nenda hospitali uulize kama sampuli zimechukuliwa. Utashangaa ni mara ngapi bado ziko kwenye friji.

"Tumalize nyumbani"

Pendekezo hili litakuja, na litaletwa na mtu mnayemheshimu: mzee wa mtaa, mchungaji, shangazi, hata chifu. Wakati mwingine na bahasha.

Ubakaji na unajisi havimalizwi kwa chifu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaweka uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na siku hizi mamlaka hayo ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wala si wa polisi, wala si wa mama mzazi, wala si wa mwathiriwa mwenyewe. Kupokea pesa ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa jingine linaloweza kumpeleka mpokeaji kizimbani. Mwambie shangazi hivyo. Humpa namna ya kurudi kwa waliomtuma bila kuvunjiana heshima: "sheria imenikataza".

Kwa mke anayepigwa na hataki, au hawezi, kumshtaki mumewe leo, kuna njia nyingine. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi kwa hakimu. Nairobi ni Milimani, Kibera au Makadara. Ndugu, rafiki au afisa wa polisi anaweza kumwombea. Amri ya muda hutolewa hata kabla mume hajasikilizwa, na inaweza kumzuia kukaribia nyumba, kazini au shule ya watoto. Akiivunja anakabiliwa na faini hadi shilingi 100,000, kifungo hadi miezi 12, au vyote. Nakala ya amri ipelekwe kituo cha polisi cha karibu na ipewe mlinzi wa geti. Amri iliyokunjwa kabatini haimzuii mtu.

Akipotea, au akipatikana amekufa

Hakuna sheria inayosema mngoje saa 24 kabla ya kuripoti mtu aliyepotea. Nendeni saa hiyo hiyo na picha ya karibuni, mavazi ya mwisho, nambari zake zote za simu na alama za mwili: kovu, jino, chale, kucha bandia. Miili ya wanawake ilipotolewa kwenye timbo la Kware, Mukuru, Julai 2024, ilikuwa imekatwa na kutiwa magunia, na ilibidi familia zitoe sampuli za DNA. Sampuli yenye nguvu ni ya mzazi au mtoto wa aliyepotea, ndugu hufuata. Kutiwa mbaroni kwa mtu nako kusiwalegeze: mshukiwa mkuu wa Kware alitoroka seli za kituo cha Gigiri tarehe 20 Agosti mwaka huo huo pamoja na mahabusu wengine 12.

Mwili ukipatikana nyumbani, chumba kisifagiliwe wala kupigwa deki, hata wageni wa matanga wakianza kufika. Mwenye nyumba asiondoe vitu. Kama amekutwa ananing'inia, kamba ikatwe mbali na fundo na fundo lisifunguliwe, kwa sababu jinsi lilivyofungwa huonyesha kama mtu angeweza kulifunga mwenyewe. Kama ameanguka kutoka ghorofani, ombeni polisi wapime umbali kati ya ukuta na mwili kabla haujaondolewa.

Mochari ndipo familia nyingi hupoteza kesi bila kujua. Mhudumu atauliza kama mwili upigwe dawa usiharibike. Jibu ni hapana, hadi upasuaji ufanyike. Dawa hiyo huvuruga vipimo vya sumu na DNA. Ombeni uhifadhiwe kwa baridi tu, na mwandike ombi hilo lipokelewe na msimamizi wa mochari na mpelelezi. Nguo nazo zisichomwe.

Siku ya upasuaji wa maiti ndugu wawili huenda kuutambua mwili. Familia inaweza kumleta mtaalamu wake akae kando ya yule wa serikali. Tarehe ikubaliwe mapema, vinginevyo mtafika mkute imekwisha. Hata bila mtaalamu wenu, ulizeni mambo manne: kucha zimekatwa kwa ajili ya DNA? sehemu za siri zimechukuliwa sampuli? damu na vilivyomo tumboni vimehifadhiwa kwa kipimo cha sumu? shingo imefunguliwa na kuchunguzwa? Majibu yaingie kwenye daftari. Msizike kabla ya kuyapata. Kufukua kunawezekana kwa amri ya hakimu, ila ni mwezi wa mateso na udongo umeshafanya kazi yake.

Faili ikilala

Kila wiki mbili mpelelezi aulizwe maswali yaleyale. Mashahidi gani wameandikisha taarifa? Vielelezo vilifika maabara tarehe ngapi? Faili imekwenda kwa mwendesha mashtaka, na ilirudi na maagizo gani? "Tunaendelea na uchunguzi" iandikwe kama ilivyo, na tarehe yake. Zikifika tatu mfululizo, anza barua.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo usilipe mtu akuandikie kwa Kiingereza cha kuazima. Mfano:

*KUH: OB 41/12/8/2025, KITUO CHA (JINA)*
*Tuliripoti kisa hiki tarehe 12/8/2025. Hadi leo ni siku 45. Hatujaelezwa (1) kama sampuli zilizochukuliwa hospitali tarehe 12/8 zimefika maabara. (2) kwa nini shahidi wa pili hajaandikisha taarifa. Tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 7.*

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikuandikwa.

Ya kwanza huenda kwa mkuu wa kituo. Zikipita siku 7, kamanda wa polisi wa kaunti ndogo na mkuu wa upelelezi wa kaunti ndogo, ukiambatisha ya kwanza. Baada ya hapo Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Barabara ya Ragati, Upper Hill. Watu wengi huiruka ofisi hii wakidhani kazi yake inaanza mahakamani, na hilo ni kosa kubwa. Katiba, kifungu cha 157(4), inampa Mkurugenzi uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze kosa lolote, naye sharti atii. Andika kifungu hicho ndani ya barua.

Polisi wakizembea, wakidai hongo, au mshukiwa akiwa polisi, nenda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi (simu ya bure 1559). Hapo daftari lako ndilo ushahidi. Ukinyimwa tu taarifa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Wasipojibu, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, West End Towers, Waiyaki Way.

Kifo ambacho muuaji hajulikani, au polisi wanasema ni kujiua na familia haiamini, kina njia ya uchunguzi wa hakimu chini ya kifungu cha 387 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai. Hakimu huita mashahidi na kutoa uamuzi bila kuwepo mshtakiwa. Ni njia ya polepole. Agnes Wanjiru aliuawa Nanyuki mwaka 2012 na mwili wake ukapatikana kwenye tangi la maji taka la hoteli; uchunguzi wa hakimu wa 2019 ndio uliotamka kuwa aliuawa na wanajeshi wa Uingereza, na hati ya kumkamata mshukiwa ikatolewa na Mahakama Kuu Septemba 2025. Mauaji na ubakaji havina kikomo cha muda wa kushtakiwa Kenya. Ndiyo maana karatasi zinatunzwa.

Na serikali yenyewe inaweza kushtakiwa kwa kutochunguza. Mahakama Kuu ya Meru iliamua hivyo Mei 2013 katika kesi ya watoto wa kike walionajisiwa, kisha polisi wakapuuza malalamiko yao. Desemba 2020 Mahakama Kuu, Nairobi, iliwapa waathiriwa wanne fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja kwa ubakaji wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambao serikali haikuuzuia au haikuuchunguza. Kwa njia hii mtahitaji wakili. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake (0800 720 501, bila malipo), husaidia wanawake wasio na uwezo.

Mahakamani

Mwathiriwa si mtazamaji. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya kusikilizwa, na wakili wake anaweza kushiriki. Siku ya dhamana, mwambieni kiongozi wa mashtaka mapema kama kuna vitisho, na mpeleke jumbe zenyewe. Hakimu anaweza kukataa dhamana au kumwekea mshtakiwa masharti ya kutomkaribia shahidi. Akivunja, dhamana hufutwa. Vitisho vikizidi, kuna Shirika la Kulinda Mashahidi.

Tarehe zote ziandikwe, na mtofautishe "kutajwa" na "kusikilizwa". Siku ya kusikilizwa ikikosewa na mlalamishi bila sababu, kifungu cha 202 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa kabisa. Watu huhama Nairobi kila mwezi, na wito hupelekwa nyumba ya zamani. Mpeni mpelelezi nambari mbili za ziada za jamaa, na mumpigie ninyi siku tatu kabla. Shahidi asiye na nauli atafutiwe.

Daktari aliyejaza P3 akihamishwa, kesi isiahirishwe mara tano kumngoja: kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti kutolewa na daktari mwingine. Na kama hakuna shahidi wa pili wa ubakaji, maana karibu kila mara hakuna, kifungu cha 124 kinaruhusu mahakama kutia hatiani kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, mradi ieleze kwa nini imemwamini. Hapo ndipo taarifa ile ya siku ya kwanza itakapowekwa kando ya anayoyasema kizimbani, mstari kwa mstari.